Kisu na Ndevu za Mwenye Duka

Juma lililopita nilikuwa dukani Garsen nikingoja kupimiwa sukari. Mbele yangu mzee mmoja wa Kiorma alikuwa akichagua kisu cha kumchinjia ng'ombe wa arusi ya bintiye. Mwenye duka, mtu wa Kipini mwenye ndevu zilizotunzwa, akamtolea kimoja kinachong'aa kama kioo.

"Chuma cha Ulaya hiki, mzee wangu. Hakijui kutu maisha!"

Mzee akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaguna. "Kutu mimi nafuta na mafuta. Kisu butu nafuta na nini?"

"Butu? Hebu kijaribu!"

Huku kwetu kisu hujaribiwa kwa kunyoa malaika, vile vinyweleo vya mkono. Mzee akanyoosha mkono wake, nao ulikuwa laini kama wa mtoto, maana alikwisha kupita maduka mengine yote akijaribu visu. Akaegemea meza. "Basi lete ndevu."

Mwenye duka akaruka nyuma, mikono yote miwili kidevuni. Tulicheka mpaka sukari ya mizanini ikamwagika. Akaingia ndani, akarudi na kisu cha jikoni kwake, cheusi, kilichofuliwa kwa springi ya lori, kina kutu karibu na mpini. Safari hii kidevu alikitoa mwenyewe.

"Lakini punguza kidogo tu, mzee!"

Mimi sijui vyuma. Ila sasa mtu akinisifia bidhaa yake, mdomo simsikilizi. Naangalia mikono yake imekimbilia wapi.