Hatua Thelathini na Mbili Hadi kwa Mjomba Lado

Enzi zetu pale Juba, Pasaka ilianza na ndoo ya chokaa. Wiki nzima mtaa wetu wa Malakia ulinukia kisra, mikate myembamba ya mtama, ikiokwa, na sisi wasichana tulitumwa kanisani kupaka misalaba ya ndugu zetu makaburini. Tulirudi weupe hadi kwenye kope, tukachekwa njia nzima. Watoto wa leo ukiwapa brashi watakuuliza kwanza kama hapo mahali pana mtandao.

Misalaba ilikuwa kumi na mmoja, ya mawe ya mlimani, mizito, ya kale kiasi kwamba hata wazee hawakujua nani aliichonga. Maandishi yalikwisha kufutwa na mvua. Mikono yake ilikuwa mipana, na leo nakiri kwamba mimi na rafiki yangu Keji tuliitumia kupasulia kokwa za matunda ya lalob tukishanyonya utamu wake. Mchungaji akitokea, tulipiga magoti haraka na kufumba macho.

Zamani, mtu asiyeweza kuchongesha msalaba wake aliruhusiwa kumzika ndugu yake chini ya mmojawapo wa ile ya kale. Ndivyo Bibi, mama wa mama yangu, alivyomzika mjomba Lado, aliyefariki hata meno hajaota. Vita vilipowafukuza kwenda Uganda, Bibi alipitia kanisani kwanza. Alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwa mwanawe: thelathini na mbili. Mimi nilizaliwa ukimbizini, na namba hiyo niliijua kabla sijajua kuandika jina langu.

Amani ilipopatikana tukarudi. Hata godoro hatujapata, Bibi akasimama kwenye mlango wa kanisa na kuanza kuhesabu. Hatua ya mwisho ilimfikisha kwenye msalaba. Aliukumbatia akalia, nami nikalia kwa kumwona yeye. Pasaka mbili tuliupaka chokaa, na kila Jumamosi Bibi alikaa pale akimsimulia Lado habari za nyumbani, hata bei ya bamia.

Pasaka ya tatu nilimkuta Mama Keji, jirani yetu muuza karanga, akipaka msalaba mwingine kule pembeni. Yeye hakuwahi kuondoka Juba. Nikamuuliza ule ni wa nani.

"Mimi hapana jua, ee binti," alisema. "Ya baba yangu ni ile haboba yako nakalia."

Haboba ni bibi, yaani Bibi wangu. Nikamuuliza mbona hakumwambia Bibi.

"Nitasema nini? Yeye natoka mbali, nalia vile! Mimi nachukua tu chokaa yangu, napaka hii. Hii haina mtu."

Siku mbili nilitembea na maneno yale. Nikisema, nitamnyang'anya Bibi mwanawe mara ya pili. Nikinyamaza, ataendelea kumsimulia bei ya bamia mzee wa watu. Asubuhi ya tatu, akikoroga uji, nilimwambia yote. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Kisha akajifunga kanga, akanishika mkono hadi kwa Mama Keji.

"Mlango ya kanisa," alimuuliza, "zamani ilikuwa wapi?"

Mama Keji akatupeleka akatuonyesha. Wakati wa vita mlango wa zamani ulizibwa, ukafunguliwa mwingine kwenye mwisho wa pili wa ukuta uleule. Pale palipozibwa, matofali yalikuwa mekundu zaidi. Bibi akayapa mgongo, akaanza kuhesabu, nami nikihesabu naye kimoyomoyo. Hatua ya thelathini na mbili ilitufikisha kwenye msalaba aliokuwa akiupaka Mama Keji. Chokaa ilikuwa bado mbichi.

Bibi aliugusa, vidole vikawa vyeupe. "Kumbe wewe ndio nachunga mtoto yangu."

"Na wewe nachunga baba yangu," Mama Keji akajibu. "Malesh, haboba. Nisamehe."

"Khalas. Tuache hivi hivi."

Wakacheka mpaka machozi. Na kweli waliacha hivyo: tangu siku hiyo, kila Pasaka Bibi alipaka wa yule mzee, na Mama Keji akapaka wa Lado. Sijaona tena ujirani wa namna ile, nami namshukuru Mungu kwamba niliukuta.

Vita vikarudi, nasi tukarudi Uganda. Bibi alizikwa huko. Mimi nimefika Juba mwaka huu, kichwa kimejaa mvi, nikaenda kanisani bila tumaini. Vijana walikuwa wameegemea misalaba wakijipiga picha, wala hawajui wamemwegemea nani. Nikayapa mgongo matofali mekundu, nikahesabu. Msalaba wa mjomba Lado ulikuwa mweupe pe.

Keji alikuwa pale, brashi mkononi; ndiye aliyekuwa akiupaka. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Tulikumbatiana, tukalia, tukaulizana habari za meno yaliyovunjwa na lalob. Kisha nikautazama msalaba wa babu yake. Majani yameng'olewa, pamefagiwa vizuri, lakini jiwe lenyewe lilikuwa kijivu, limeota kuvu, halijaguswa na chokaa miaka yote ile.

"Mbona huu hukuupaka?" nikamuuliza.

Keji akanishangaa. "Hiyo si ni kazi ya nyinyi?"

Nikamwomba brashi.