Kamera Haina Shemeji

Ambilikile alikuwa na mdomo uliokwenda kasi kuliko gari lolote aliloliendesha, na aliendesha mengi. Kazi yake ilikuwa kuyatoa magari ya mtumba bandarini Dar es Salaam na kuyafikisha Tunduma, ili yavuke mpaka kwenda Nakonde, na kutoka hapo yaende kwa wenyewe Zambia na Kongo. Gari la watu, mafuta ya watu, sifa zake yeye. Akishamaliza safari aliketi kwenye kijiwe cha madereva nyuma ya maegesho ya malori, akaagiza chai ya tangawizi, akaanza kuhutubia. Mada ilikuwa moja tu: kona. Kona za Kitonga, kona za Mlima Nyoka, na kona nyingine ambayo, kwa maelezo yake, ilijulikana na watu wawili tu, yeye na Mwenyezi Mungu, na Mungu huipita kwa gia ya pili.

Aliyethubutu kumkatiza alikuwa Yassir, muuza vipuri. Huyu alitoka Pangani kuja Tunduma kwa wiki mbili tu, kumsalimu mjomba, na sasa mjomba alikwishakufa, Yassir ana duka, mke, watoto na Altezza nyekundu iliyonguruma kama ina pumu.

"Ambi, wewe kona unazikata kwa ulimi," Yassir alisema.

"Njoo Kamsamba tuone."

"Kamsamba si tulikwenda mwaka jana? Nikakushinda."

"Saa yako ndiyo ilinishinda!"

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Kila mwaka, mpunga ukishavunwa na tope la bonde kukauka likawa gumu kama sakafu, wenye magari wa Tunduma hushuka Kamsamba kwenye joto, wakashindane kuzunguka mbuga. Unaondoka kwenye kichuguu kikubwa, unakwenda mpaka kichaka cha migunga upande wa pili, unakizunguka, unarudi. Mmoja mmoja, maana vumbi lile wawili wakiingia pamoja atatoka mmoja. Sasa mwaka jana Yassir alipimiwa muda na mdogo wake, Ambilikile akapimiwa na shemeji yake, na kila saa ilimpenda mwenyewe. Wakarudi Tunduma mabingwa wawili.

Mwaka huu, 2014, wakawekeana sharti. Si la fedha. Fedha ingekuwa nafuu. Atakayeshindwa hatatamka tena pale kijiweni neno lolote kuhusu kona, breki wala gia, mpaka anakufa. Yassir aliapa huku akitafuna mhogo. Yeye alikuwa na mengi ya kuzungumza: mpira, siasa, ndoa za watu. Ambilikile ukimnyang'anya kona unamwachia nini? Mvua?

"Lakini saa basi," Ambilikile alisema. "Saa ina shemeji. Tunafunga kamera ndani ya gari. Kamera haina shemeji."

Kauli ile ilimpendeza hata mwenyewe. Aliirudia mara kadhaa, akapewa kazi ya kuchagua kamera yenyewe.

Alivuka Nakonde hadi kibandani kwa Lucky, fundi simu aliyekuwa na binamu pande zote mbili za mpaka na hivyo kuuza vitu ambavyo havikujulikana vimeingilia upande upi. Lucky alimtandazia bidhaa mezani.

"Hii ya kubandika kwenye kioo," Lucky alisema. "Ina mdomo wa kunyonya."

"Kamsamba ile? Itanyonya dakika moja, ya pili iko miguuni kwangu."

"Unaifunga na mpira wa tyubu, mudala, mzee wangu. Haya, hii nyingine ndogo, wazungu wanaivaa kichwani wakiendesha baiskeli. Picha safi. Haiingii maji."

"Kamsamba maji yatoke wapi mwezi huu? Inaonyesha spidi?"

"Awe, hapana. Spidi inataka kidude cha setilaiti."

Ikawa ni somo. Lucky alieleza kwamba kipo kidude cha bei rahisi kinachouliza setilaiti mara moja tu kila sekunde. "Na kwa sekunde moja, kwa mwendo unaojisifia, gari limeshaiacha kona. Mchoro utaonyesha umepita juu ya kichaka kama kunguru." Kipo kingine kinachouliza mara kumi. Hicho huandika mwendo pembeni ya picha na kuchora njia yako yote, hata ukiyumba kukwepa kinyesi cha ng'ombe kinakuandika. Na kamera yake ina macho mawili: moja latazama njia, lingine lamtazama dereva. Na masikio inayo.

"Inimulike mimi kwa nini?"

"Watu waone mikono yako kwenye kona."

Ambilikile alishaiona akilini mikono yake ukutani kwenye ukumbi wa video wa Tunduma, mikubwa kama milango, ikizungusha usukani. Alishakubali, ila alijifanya bado anafikiri.

"Na umeme? Soketi yangu ya kuwashia sigara ni mbovu. Nikiweka breki kali inakata."

"Nakupa betri ya pembeni. Gari lizime, lichomwe, litumbukie mtoni, kamera inaendelea."

"Hapo sasa," Ambilikile alisema. "Hapo umesema." Akalipa bila kuyaweka maneno yale akilini, kama tunavyofanya sote na maneno ya wauzaji.

Bei yake ilikuwa bei ya mbuzi mmoja mnono, na kipimo hicho si changu, ni cha mkewe, Nesta. Kwani Ambilikile alikuwa na mbuzi wake wa siku nyingi ambaye hajapelekwa. Ukoo wa Nesta, ulioko hukohuko Kamsamba, una mwiko wake: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani mpaka mkwe apeleke mbuzi wa kuondoa haya. Wakikutana njiani, mmoja hugeuka na kufunika uso hadi mwenzake apite. Ambilikile alimwoa Nesta, akazaa naye watoto watatu, na mama mkwe alimfahamu kwa visigino tu.

"Mbuzi wa mama umemfunga kwenye kioo cha gari," Nesta alisema, akiitazama kamera.

"Mbuzi atakwenda, mama Tuntufye."

"Atakwenda kwa miguu yake au unangoja aote mabawa?"

Siku ya Kamsamba jua lilikuwa linapika watu. Kamera ilikuwa moja kwa magari yote mawili, ili asitokee wa kusema. Ilifungwa kwanza kwenye Altezza. Yassir akaenda, vumbi likasimama, akarudi akicheka. Ikahamishiwa kwenye Mark Two ya Ambilikile, ikakazwa kwa mpira wa tyubu. Abdulswamad, mwenye ukumbi wa video na mwamuzi wa siku hiyo, akapunga kofia.

Ambilikile aliondoka kama mwenye kesi. Na semeni mtakavyo, mtu yule alijua gari. Mbugani aliliachia, kichakani akalibana, akaingia kona kwa nje na kulilaza kwa ndani, mkia ukafuata kwa adabu. Alijua ameshinda. Alijua kama mtu anavyojua ameshiba. Akamaliza nusu ya kona, upande ule usioonekana na watazamaji, akakutana na mama mkwe.

Mama Leah alikuwa anakatisha kichaka kwa njia yake ya miaka yote, beseni la mchele kichwani, akiwatumia wajukuu zawadi baada ya kusikia wageni wa Tunduma wamekuja. Ambilikile alikanyaga breki hadi injini ikazima. Akavuta koti kutoka kiti cha pembeni, akajifunika kichwa, akalala juu ya usukani, angoje mama apite. Mama Leah naye, akiyajua yale magurudumu na yule mwenyewe, akageuka akampa mgongo, asimame angoje mkwe apite.

Wakangojeana.

Ungepika chai ukainywa. Wangekuwapo hapo mpaka mpunga mwingine uote, kama asingepita mzee Boazi wa kijijini hapo na ng'ombe wake. Boazi ndiye aliyewatenganisha, na Ambilikile akawasha gari, akarudi kwenye kichuguu akiwa na uso wa msiba.

"Pampu ya mafuta," aliwaambia. "Ilikata palepale kwenye kona. Gari likazima lote, hata kamera."

Watu wakatikisa vichwa. Hata Yassir alimpa pole. Ikawa karibu iamuliwe mbio zirudiwe. Abdulswamad akaichukua kadi ya kamera, akaitia mfukoni, wakapanga kukutana ukumbini kwake Tunduma kuangalia picha kwa desturi tu.

Ukumbi ulijaa kuliko siku ya fainali. Nesta aliketi nyuma na Siti, mke wa Yassir. Picha ya Yassir ikapita, ikapigiwa makofi. Ikaja ya Ambilikile, upande mmoja wa ukuta njia, upande mwingine yeye mwenyewe na mikono yake, na namba za mwendo zikipanda. Abdulswamad alisimamisha picha kila baada ya hatua, akalinganisha michoro.

"Mpaka hapa Ambilikile yuko mbele," alitangaza. Ukumbi ukaguna kwa heshima. "Sasa mbele huku pampu imekata. Nirukishe?"

"Usirukishe hata chembe!" Ambilikile alisimama. "Kamera haina shemeji! Acha iende mpaka inapozimika."

Ikaachwa. Haikuzimika.

Ukutani, namba ya mwendo ikawa sifuri. Kushoto, mgongo wa mama Leah na beseni lake. Kulia, koti. Chini ya koti ikasikika sauti, ndogo, ya kuomboleza: "Pita basi, mama. Pita. Kona yangu inapoa." Koti likainuka kidogo, jicho moja likachungulia, likajificha tena upesi.

"Amechungulia!" Nesta alipiga kelele nyuma. "Siti, umeona? Amemchungulia mama yangu!"

Halafu ukutani akaingia ng'ombe, akafuatiwa na sauti ya mzee Boazi: "Nyie wawili mnangoja basi la Mbeya? Huyu kajifunika, huyu kageuka, nani ampishe nani? Mama Leah, sogea kushoto. Wewe wa kwenye koti, washa gari, nenda. Na umletee mama wa watu mbuzi wake, unatia aibu hata ng'ombe."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Watu walishikana mabega wakilia machozi.

"Mpaka kichakani nilikuwa mbele!" Ambilikile alipaza sauti. "Mchoro unaonyesha!"

"Na mpaka sasa uko kichakani," Yassir alimjibu, akijifuta macho. "Sharti ni sharti, kaka."

Tangu hapo Ambilikile alikuja kijiweni, akanywa chai, akatazama malori. Wengine walizungumza kona mbele yake kwa makusudi, kona za uongo kabisa, naye alimeza maneno mpaka shingo ikavimba. Alipungua. Nesta akaona mume anaisha, akasema mbuzi aende Jumapili hiyohiyo, asije akafa kabla mwiko haujaondolewa. Kamera ikauzwa, mbuzi akanunuliwa, wakashuka Kamsamba.

Mbuzi akachinjwa, maneno ya wazee yakasemwa, na mama Leah akatoka ndani. Kwa mara ya kwanza akamtazama mkwewe usoni, akamshika mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Sasa tunaweza kuongea. Miaka yote sikupata hata salamu yako. Ongea, baba, nikusikie."

Sharti lilisema kijiweni. Kamsamba halikuigusa. Ambilikile akavuta kigoda karibu, akakohoa.

"Mama," alisema, "unajua Kitonga kuna kona..."

Jua likatua hadithi ikiwa bado Iringa. Mama Leah alichota maji, Ambilikile akamfuata kisimani. Mama alipepeta mchele, mkwe akasimama mbele ya ungo akimwonyesha kwa mikono namna ya kulaza gari. Chakula cha usiku kililiwa Mlima Nyoka. Mwishowe mama Leah alisingizia kuni, akamvuta Nesta nyuma ya jiko.

"Mwanangu," alinong'ona, "yule mbuzi mmemmaliza kabisa?"

"Kabaki mguu, mama. Kwa nini?"

"Mrudishieni."