Kineno "By" cha Nakhumicha

Nakhumicha alipewa barua saa kumi jioni: ajieleze kwa Kiingereza kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo kazi yake ya kiwanda cha sabuni ingeota mbawa. Mkanda wa mashine ulikatika alipokuwa akiisafisha. Mashine ilikuwa ikizunguka, maana supavaiza Munene alikataa izimwe. Hilo hakuliandika. Nani amtaje Munene halafu atarajie kazi kesho?

Aliandika: "Cleaning the machine, the belt broke." Akampelekea Mzee Otiende, jirani yake pale Tassia, karani wa reli aliyestaafu miaka mingi iliyopita lakini Kiingereza chake kikakataa kustaafu.

"Sentensi yako iko uchi, mama," Otiende akasema. "Hauwezi anza na kitenzi hivi hivi. Weka By." Akakitia kineno hicho mwenyewe kwa wino mwekundu.

Usiku huo usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Asubuhi alikata njia kupitia Mukuru kwa Njenga, midomo ikitafsiri: Kwa kusafisha mashine, mkanda ulikatika. Kwa kusafisha! Akasimama matopeni. Yaani usafishaji wake ndio uliokata mkanda? Mzee ameivisha sentensi nguo, kumbe ni sare ya mahabusu. Akakifuta kile kineno kwa kalamu. Hatua ishirini mbele akakirudisha, maana Otiende amesoma, yeye je? Langoni mwa kiwanda akakifuta tena, karatasi ikakaribia kutoboka.

Ofisini alimkuta Kavata, meneja wa wafanyakazi, na Munene kando yake. Munene akaichukua barua, akaisoma kwa sauti, akaangua kicheko.

"Wee, kwani ni mkanda ilikuwa inasafisha mashine? Hii ni Kiingereza ya wapi?"

Hofu yote ikamtoka Nakhumicha, ikabaki hasira tupu. "Si mkanda. Ni mimi nilikuwa nasafisha. Na ni wewe ulikataa izimwe, nimekuomba mara mbili!"

Kicheko kikakoma. Kavata akamsukumia Nakhumicha karatasi mpya mezani.

"Andika vile umesema, mama. Sentensi fupi fupi, kila moja na mwenyewe."

Ya kwanza Nakhumicha aliianza kwa "I". Ya pili aliianza kwa jina la Munene, herufi kubwa, mwenye jina akiangalia.