Hafai Usingizi

Mama huyo alitoka kando ya ziwa, kazi yake kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Mwiba wa kambale ulimchoma unyayoni. Alipofikishwa hospitalini kwetu Mbinga, vidole viwili vilikuwa vyeusi na homa ilimtetemesha. Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi na ganzi, chumba cha upasuaji.

"Shikamoo mama. Una ugonjwa wa moyo?"

"Marahaba. Sina, mwanangu."

Nikaweka kipimo kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia, na kati ya pigo na pigo kulikuwa na mngurumo. Ni mlango wa moyo uliosinyaa; damu inapita kwa shida. Nikapandwa na hasira.

"Mama, ningekuchoma sindano ya ganzi mgongoni, presha ingeshuka, ungenifia hapa! Kwa nini unanidanganya?"

Akafungua pindo la kitenge, akanipa karatasi. Iliandikwa: *Hafai usingizi.*

"Hospitali iliyoandika hii nilisema ukweli, wakanirudisha nyumbani. Nikaenda kwingine, nikasema ukweli, wakanirudisha. Hapa nikaamua kunyamaza. Nisamehe."

Wiki tatu alizungushwa hivyo! Usaha wa mguuni ungetoka kwa mkato mmoja, siku ya kwanza. Hakuna aliyeandika kwamba hafai kuoza.

Daktari wa upasuaji akaisoma karatasi, akaanza kuvua glavu. "Tumpe rufaa Songea."

"Kwa barabara ile, na homa hii?" Sijawahi kumpandishia sauti mkubwa wangu kama siku ile. "Nani kasema lazima alale? Nitautia ganzi mguu peke yake."

Akanirudishia karatasi. Akavaa glavu nyingine.

Tulianza na dawa za kuua vijidudu, kwenye mshipa. Maji tulimpa kidogo kidogo, maana yakizidi yangejaa kwenye mapafu. Nikachoma ganzi nyuma ya goti na pembeni, nikasubiri, nikamfinya. Hakuhisi. Akafanyiwa upasuaji akiwa macho, kaegemezwa mito, oksijeni puani, akiniuliza kama nimeolewa. Presha haikuyumba. Vidole vilivyooza vikatoka.

Alipona. Anachechemea, lakini anatembea.

Nilipiga simu kule karatasi ilikotoka. Sauti ya upole ikaniambia, "Tulikuwa tunamlinda." Nikakata.

Wenzangu walinipongeza kwa wiki nzima, na kila pongezi ilinichoma. Nilitoa ganzi tu, jambo ambalo hata wao wangeweza. Kinachonitia hasira hadi leo ni kwamba kati yetu sote tuliohusika na mguu ule, aliyeomba msamaha ni yeye.