Macho ya Bwana Tilquin

Kadiri alikuwa fundi cherehani, mtoto wa mjini Gisenyi, ambaye baba yake aliingia huko zamani na biashara ya chumvi na nguo, akaoa, asirudi tena kwao. Kifaransa Kadiri alikiokota ujanani, alipokuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa bwana shamba mmoja Mbelgiji. Kifaransa hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka 1952 alifika mjini mzungu mmoja mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, akitafuta mtu wa kumfasiria. Watu wa hoteli wakamwelekeza kwenye baraza la duka ambako Kadiri alikuwa ameweka cherehani yake. Huyo ndiye Bwana Tilquin, mwongozaji wa filamu. Kwao Ulaya jina lake lilibandikwa kwa herufi kubwa kwenye kuta za majumba ya sinema, lakini Kadiri hakuwa na habari hiyo. Alichokijua, baada ya kufanya naye kazi kidogo tu, ni kwamba mtu huyu haridhiki.

"Tena!" Bwana Tilquin alikuwa akisema, amekaa kwenye kiti chake cha turubai kando ya kamera.

Na Kadiri alilipokea neno hilo akawarushia wavuvi na wanawake waliosimama ufukweni mwa ziwa. "Tena! Rudini kule mulitoka!"

Wakarudi, wakatembea upya, wakaambiwa tena. Jioni Kadiri alifika nyumbani koo limekauka, anaongea kwa ishara. Mkewe, Saidati, alimpa maji moto yenye tangawizi na kumtazama akiyanywa.

"Baba Dauda, ile koo yako utaimaliza kwa maneno ya mutu mwingine."

Filamu ile iliisha, Kadiri akarudi kwenye cherehani. Mwaka 1954 Bwana Tilquin alirudi kutengeneza nyingine, na mwaka 1957 akaja kwa mara ya tatu, amekonda, suruali zinamning'inia. Kadiri alitaka kukataa. Akakubali, maana yule mzee alikuja mwenyewe barazani, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akasema, "Bila wewe hapa mimi ni bubu."

Ndani ya gari, katika barabara ya kwenda Rubona, mzee alimsimulia maisha yake vipande vipande. Alizaliwa Liège, babake muuza nyama, na alitoroka nyumbani kwa sababu hakuweza kuvumilia harufu ya bucha. Alianza kwa kubeba taa katika jumba la kutengenezea filamu. Kisha akapewa nafasi, akaingia migodini na kamera, akatengeneza filamu ya wachimba makaa ya mawe, na wachimbaji wenyewe ndio waliocheza. Siku ilipoonyeshwa, watu walisimama gizani wakapiga makofi hata taa zilipowashwa.

"Tangu siku hiyo," alisema, "kila nilichotengeneza walikipima kwa ile. Sasa wanasema nimekwisha. Hii itawajibu."

Kadiri aliitikia tu. Alikuwa amemwona asubuhi ile akiwasha sigara upande usio wake. Alikuwa amemwona pia akiulizia mtumbwi umefika wapi, na mtumbwi uko mbele yake, mtu angeweza kuurushia kofia. Bwana Tilquin alijua kwamba ameonwa.

"Vijana wangu usiwaambie," alisema, akitazama mahali ambapo Kadiri hakuwepo. "Utaniambia wewe unachokiona."

Basi kazi ikawa mbili: kuwa mdomo, na kuwa macho. Kadiri alisimama nyuma ya kiti akinong'ona Kifaransa, kisha akageuka kuwapigia watu kelele. Usiku aliona kope zake zinamuuma kama mtu aliyeshona kwa sindano ya mkono hadi giza likaingia.

Filamu ilihusu bibi harusi anayevushwa kwa mtumbwi kwenda kuolewa mbali, mama yake amebaki majini akiuangalia. Mama huyo alikuwa Nyiraneza, muuza samaki wa Rubona, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Siku ya kupiga picha hiyo walikuwa pwani ya Nyamyumba. Nyiraneza aliingia ziwani asubuhi. Jua lilipovuka utosi bado alikuwa humo, maji magotini, mtumbwi unaondoka, unarudi, unaondoka.

"Analia?" Bwana Tilquin aliuliza.

"Halii, Bwana. Anaangalia miguu yake. Amechoka."

"Sikukuuliza kama amechoka. Tena!"

Kadiri alipaza sauti, ikamkatikia. Ikabidi ashuke hadi ukingoni.

"Mama, anataka ulie."

"Nilie nini, Kadiri?" Nyiraneza alisema, meno yakigongana. "Mi binti yangu nilishaozesha. Nililia siku ile, ikaisha. Hii maji iko baridi."

Wapiga makasia walikuwa wamelala juu ya makasia yao. Kadiri alirudi nyuma ya kiti. Mtumbwi uliondoka. Nyiraneza alisimama, uso mkavu.

"Sasa?"

"Analia, Bwana."

Mzee alishika kwa nguvu mikono ya kiti. "Analiaje? Niambie."

Kadiri alifumba macho. Yalimjia mambo ya dada yake, siku alipochukuliwa kwenda kuolewa Bukavu, mama yao akabaki mlangoni. "Hatoi sauti. Amejipangusa kwa ncha ya kitenge, kisha akageuka pembeni haraka, kama mtu aliyesahau kitu jikoni."

Bwana Tilquin aliiachia mikono ya kiti. "Basi," akasema. "Imetosha. Watu waende nyumbani."

Kijana mpiga picha, aliyeitwa Paul, aliinua kichwa kutoka kwenye kamera akamtazama Kadiri. Alifunika kamera yake. Nyiraneza alitoka majini, akakaa mchangani akisugua miguu.

Mwaka uliofuata Paul alipita Gisenyi akielekea Goma, akasimamisha gari barazani. Alisema kwamba huko Ubelgiji mzee aliketi mbele ya pazia la sinema, akiwa na watu wake pande zote. Ilipofika ile sehemu aliuliza kama yule mama analia. Walio karibu naye wakatazamana, wakamwambia ndiyo, analia. Filamu ilionyeshwa kidogo, haikusifiwa, ikaondolewa. Mzee sasa anaishi kwa dada yake, na hakuna anayemwita kazini.

"Na wewe ulimwambia nini?" Kadiri aliuliza.

"Na mimi nilisema ndiyo."

Kisha Paul akasema kuna mwongozaji mwingine, kijana, anakuja kupiga picha za volkano, na anahitaji mfasiri.

"Hapana," Kadiri alisema. "Nimechoka, bwana mdogo. Mwambie atafute mwingine."

Gari lilipoondoka, alivuta kanzu ya mteja aliyokuwa ameiacha katikati, akaendelea kukunja pindo.