Mume Aliyebaki Kwenye Slaidi

Fundi wa kompyuta wa pale mjini Leskovac, Serbia, hupuliza kahawa iliyokwisha poa, na huisemesha kila kompyuta kwa upole kama anayembembeleza mbuzi mkaidi. Siku moja Radojka, mwanamke wa ushirika wa wauza pilipili za kuoka, alimletea slaidi zao za kutafutia soko. Wanunuzi walikuwa wakizisubiri kwenye simu, lakini slaidi zilikuwa nzito mno, hazifunguki. Fundi aligusa picha moja, ukingo wake uliofichwa ukajitokeza, naye akaguna.

"Jirani, huyu mwanamume ni nani?"

"Mtalaka wangu. Si nilimkata kwenye picha?"

"Umemficha tu pembeni. Kila picha bado inambeba mzima mzima, na kitambi chake, ndiyo maana slaidi ni nzito."

"Yaani tukose soko kwa sababu ya Miodrag? Mfute!"

Fundi alimsogezea kipanya. "Mfute mwenyewe."

Radojka akabonyeza kwa nguvu. Safari hii slaidi zilifunguka papo hapo, na wanunuzi wakaomba sampuli. Lakini Radojka hakuondoka.

"Ninazo na picha za harusi," alisema.