Salamu za Mwalimu

Juzi binti yangu wa darasa la tano alinipa barua ya shule, kisha akabaki amesimama mlangoni, hatoki wala haingii. Nikakumbuka mchana mmoja kule Endasak.

Baba alikuwa anapiga maharage kwa fimbo uani, na vumbi la maganda lilinikaba koo. Hakujua kusoma, hivyo barua zote nilimsomea mimi. Hii ilimwita shuleni kwa ajili yangu. Kila siku nilikosea hesabu nilizonakili kutoka ubaoni, nikaamini narudishwa darasa la nne.

“Mwalimu anakusalimu,” nikasoma.

“Basi?”

“Basi, baba.”

Aliutazama muhuri wa shule kwa muda mrefu, akaendelea kupiga maharage.

Kesho yake, nikiwa darasani, nilisikia sauti yake ikibisha hodi ofisini. Nilikaribia kujikojolea.

Kumbe mwalimu alitaka tu kumwambia kwamba sioni vizuri, nihamishiwe dawati la mbele.

Tulirudi nyumbani yeye akitangulia mpaka tulipovuka mto. Hapo akageuka.

“Salamu za mwalimu,” akasema, “nimeshazijibu.”